Nilivyomtukana Mama Ploti kwa Sababu ya Waridi

Harufu ya mkebe wenye kutu uliojaa udongo mbichi hunipandisha hasira mpaka leo. Cheka tu. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, safari yangu ya mbali ni kutoka jikoni hadi uani, na bado mkebe unanishinda nguvu.

Nikiwa mtoto, tulikuwa tumepanga nyumba mtaa wa Free Area. Mama alikuwa na waridi moja jekundu, alilolitoa kwa shosho, nyanya yangu, kule Njoro kabla shamba halijauzwa. Shosho alikuwa ameshakufa. Hatukuwa na kitu kingine chake. Kisha mwenye nyumba, tuliyemwita Mama Ploti, akataka tuhame ajenge vyumba vingine. Mama alipoomba kung'oa waridi lake, akajibiwa, "Kilichoshika udongo wangu ni changu."

Basi mama akakata vijiti sita, akavipanda kwenye mikebe nyuma ya nyumba, akaniambia nivinyunyizie maji, nisiviguse. Nilinyunyiza. Ila kila asubuhi nilivichomoa kimoja kimoja nione kama vimetoa mizizi, nikavirudisha na kushindilia udongo kwa kidole gumba, kama daktari aliyesomea dirishani.

Siku ya kuhama vyote vilikuwa vimekauka, vyeusi kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka. Nililipuka. Mama Ploti alikuwa amesimama getini akisubiri funguo.

"Umeroga maua ya shosho! Mchoyo wewe! Hizo nyumba zako ziote magugu!"

"Ngai! Huyu mtoto hana mwenyewe?"

Mama alikuwa na mkono mwepesi. Kwa kawaida kofi lingefika kabla sijafunga mdomo. Siku hiyo aliendelea kufunga godoro kwenye pikapu mpaka nikaishiwa na matusi.

Juzi, nikipanda vijiti vyangu vya waridi hapa Lanet ninakoishi sasa, nilijikuta nimeshika kimoja nataka kukichomoa. Ndipo nikamjua muuaji. Nikampigia mama simu kuungama.

"Nilijua zamani," akasema. "Kucha zako zilijaa udongo kila ukienda shule."

"Na ukaniacha nimtukane mama wa watu?"

"Ulitaka nimtukane mimi, na vitu vyangu bado viko ndani ya geti lake?"

Miaka yote nilidhani hasira ile ilikuwa yangu. Ilikuwa ya mama. Mimi nilibebeshwa tu, maana mtoto akitukana watu husema hana adabu, lakini mama mzima akitukana husema ndiyo maana alifukuzwa.