Mshenga Aliyesema "Tumesikia"

Mume wangu Kataliko hufunga maboksi kwenye ghala moja hapa Louisville, lakini ukimuuliza kazi yake hatakutajia maboksi. Atakwambia yeye ni mshenga. Atavuta kiti, atajiweka sawa, na kama una haraka utajuta, maana ataanza na harusi ya kwanza aliyoisemea kule Walungu akiwa bado hajaota ndevu, na hatamaliza mpaka chai ipoe.

Simlaumu, kazi hiyo aliijua. Kwetu Kivu, siku ya mahari baba wa binti hasemi, na baba wa kijana hasemi. Wanakaa kama wageni, na maneno yote yanabebwa na washenga wawili. Tulipoletwa Amerika kutoka kambini Burundi nilidhani mambo hayo tumeyaacha nyuma. Wapi! Kila Jumamosi simu ililia: mitaa ya hapa kama Iroquois, Shively na Newburg, mpaka miji ya mbali, Columbus na Buffalo, ambako watu wetu wamejaa. Ng'ombe wa Amerika hana mkia wala kwato, huja ndani ya bahasha, lakini bado tunamwita ng'ombe, na bado anajadiliwa utadhani amefungwa hapo nje. Kataliko anaogopa kuendesha kwenye barabara kuu, kwa hiyo dereva wake ni mimi. Yeye anavaa suti, mimi nashika usukani.

"Mwacha mila ni mtumwa," hupenda kusema, huku amekaa kiti cha abiria anakanyaga breki ambayo haipo.

Katika mila zote kulikuwa na moja aliyoipenda kuliko nyingine. Upande wa kijana wakija mara ya kwanza, upande wa binti hawajibu. Hawasemi ndiyo, hawasemi hapana. Mshenga wao anasimama, anasema, "Tumesikia," basi. Wageni wanamaliza soda zao, wanaondoka, wanakaa wiki kadhaa, wanarudi. Wakirudi ndipo mazungumzo yanaanza. Upande wa binti wakijibu siku hiyohiyo, watu watasema kwao walikuwa wanamsukuma nje. Nimemsikia Kataliko akisema "tumesikia" katika sebule nyingi, kwa ile sauti yake nzito, na kila mara nilijivuna kuwa mke wake.

Hao walikuwa mabinti. Sasa nikwambie habari za Cubaka.

Cubaka ni mtoto wa Nzigire, dada wa Kataliko, aliyefiwa na mume kabla hatujavuka mpaka. Kwa hiyo Kataliko alikuwa mjomba wake na baba yake kwa pamoja. Tulikaa wote nyumba moja pale Iroquois, watoto wamelala sebuleni kuanzia mlangoni hadi dirishani. Ee, siku zile! Hatukujua kukaanga samaki bila kuamsha kengele ya moshi, na hatukuwa na kitu, lakini tulicheka kuliko tunavyocheka sasa. Kiangazi tulikwenda kupumzika kwenye bustani kubwa ya Iroquois, wanawake tunasonga bugali, na ukisahau kitu kwenye gari unamtuma Cubaka. Alirudi mbio amekumbatia sufuria ya maharage kifuani, akipita katikati ya watu wanaocheza ngoma, akikwepa huyu, akimzunguka yule, na mchuzi haumwagiki. Nzigire alipiga kelele kwamba mtoto atajiunguza. Kataliko alipiga makofi. Hakuna aliyejua kwamba Amerika kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo.

Mwalimu wa michezo wa shule yake alijua. Alimpa ule mpira wa umbo la yai, akamwambia aukumbatie vilevile. Kazi yake katika mchezo huo ndiyo hiyo: anapokea mpira kutoka kwa mwenzake, anaushika kifuani, anapasua ukuta wa wanaume wanaotaka kumwangusha. Chuo kimoja cha Columbus kikamchukua, kisha timu ya Buffalo ikamchukua awe mchezaji wa kulipwa. Jumapili tulijazana kwa Nzigire, ambaye wakati huo alishahamia Newburg. Hatukuelewa sheria hata moja, ila yeye akishika mpira tulisimama wote, na sambusa zikaanguka.

Baada ya msimu wake wa tatu timu ilileta ombi. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa umebakiza mwaka mmoja, nao walitaka kumwongezea mitatu yenye dhamana. Maana yake ni kwamba aumie asiumie, analipwa. Wakala wake, Patricia, mwanasheria wa Columbus, alitueleza mambo hayo kwenye simu, taratibu, Cubaka akitutafsiria. Alisema kazi hii inachakaza miguu mapema. Kila mwaka vyuo vinatoa vijana wapya wanaokimbia vilevile, na timu haikosi wa kumchagua. Dhamana kama hii haiji mara mbili, alisema, asaini wiki hiyo.

Cubaka akasema, "Ngoja nimuulize mjomba."

Kataliko alivuta kiti, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu, ambacho "wao" ni "bao".

"Bon. Ni nani amekuya kuomba? Ni bao ao ni siye?"

"Ni bao, mujomba."

"Donc, basi, weye ndiye binti. Unabaambia tumesikia, kisha unanyamaza. Batarudi, na batarudi na mukono muzuri kupita ule wa kwanza."

"Patricia anasema tujibu mbio."

"Patricia ni mutoto muzuri. Lakini ulishaona wapi binti anajibu siku ya kwanza?"

Mimi nilikuwa jikoni. Nikasema kwa sauti, "Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Kataliko akanijibu palepale, na wote watatu tukacheka. Mpaka leo kicheko hicho kinaniuma.

Patricia alipinga, lakini mwenye neno la mwisho ni mchezaji. Akawaandikia Buffalo kwamba ombi limefika, basi. Wiki zikapita. Simu kutoka Buffalo zilimfuata Cubaka mwenyewe, na kila ilipolia alimtazama mjomba wake, na mjomba wake akatikisa kichwa. Kwetu sisi kimya kile kilikuwa heshima: tulikuwa tumewafungulia mlango na tunawasubiri warudi. Kwao kilikuwa tusi. Magazeti yakaandika kwamba Cubaka amekasirika na anataka kuondoka. Cubaka huyo ambaye sijawahi kumwona amekasirika hata alipokuwa na njaa!

Kisha Patricia akapiga simu asubuhi, sauti imekwisha. Timu ilikuwa imemsajili mbeba mpira mwingine, na ombi la Cubaka walikuwa wameliondoa.

"Wameoa kwingine," nikasema. Kataliko hakucheka.

Tangu dunia iumbwe upande wa binti haujawahi kuwafuata waposaji. Lakini Jumatatu ile Kataliko alivaa suti, akaniambia nijaze mafuta. Nzigire alikaanga mandazi, akayafunga kwenye kitambaa cheupe, kwa sababu huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Tulimpitia Cubaka Columbus, alikokuwa amekwenda kufanya mazoezi kwenye uwanja wa chuo chake cha zamani. Alisimama kando ya barabara na msichana mmoja anayeitwa Sandrine, binti wa mzee Ezéchias, mmoja wa watu wetu wa pale. Msichana alitusalimu kwa mikono miwili, akatupa chupa ya chai ya njiani. Niliona jinsi alivyomfunga Cubaka zipu ya koti mpaka kidevuni, nikawasha gari.

Buffalo tulikuta theluji inaanguka, na ilikuwa Aprili. Patricia alitungoja mlangoni mwa ofisi za timu. Alimshika Kataliko mkono kwa adabu, akasema mzee hawezi kuingia, sheria inamruhusu wakala aliyeandikishwa peke yake kumsemea mchezaji.

"Muambie miye ni mujomba yako," Kataliko akamwambia Cubaka.

"Anajua, mujomba."

Basi Cubaka na Patricia wakaingia, yeye akabaki kwenye maegesho. Nilimwita ndani ya gari kwenye joto, akakataa. Mshenga hangojei majibu amekaa, alisema. Alisimama pale na suti yake, theluji mabegani, amekumbatia mandazi kifuani, na mimi nikamtazama kupitia kioo, nikampenda, na nikataka kumchapa.

Hawakukawia. Niliuona uso wa Cubaka kabla hajasema.

"Bametushukuru," alisema. "Nitacheza ule mwaka unabakia. Halafu bataona."

Hakuna aliyegomba. Patricia alifungua kitambaa, akachukua andazi moja, akalila akiwa amesimama palepale kwenye theluji. Nadhani alituonea huruma. Tulirudi Louisville, na njia nzima Kataliko hakukanyaga breki hata mara moja.

Goti lilivunjika mwezi wa Novemba. Tulikuwa wote kwa Nzigire. Cubaka alipokea mpira, akaukumbatia, akampita wa kwanza, wa pili akamwangukia mguuni. Mpira haukumtoka. Nzigire alikaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu, akawa anaita jina la marehemu mume wake. Wakampasua mguu mara moja, wakampasua tena, mkataba ukaisha akiwa bado na magongo, na hakuna timu nyingine iliyopiga simu. Angekuwa na ile miaka mitatu, goti lingeuma vilevile, lakini kesho yake ingekuwa imelindwa na dhamana. Hilo tulilijua wote, na hakuna aliyelisema mezani.

Kataliko aliacha ushenga. Simu zikilia Jumamosi alisema anaumwa mgongo. Suti aliirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni, akaitundika nyuma kabisa ya kabati. Nilizoea kumkemea kwa maneno mengi, na sasa nikayatamani maneno yake. Niliitamani hata ile harusi ya Walungu.

Cubaka alirudi Louisville. Anafundisha wanafunzi kukimbia na mpira katika shule moja, akichechemea kidogo. Kila Jumapili alikuja kwetu, akala, akamwita mjomba wake mjomba, akamsimulia vituko vya wanafunzi wake. Hakumlaumu kwa neno wala kwa jicho. Wema huo ndio uliommaliza Kataliko. Afadhali angetukanwa.

Masika yaliyopita Cubaka alikuja siku isiyo yake, akakaa mbele ya Kataliko.

"Mujomba, minataka kuoa Sandrine. Nakuomba unisemee."

Kataliko aliangalia mikono yake. "Enda kwa Gaspari wa Shively. Anajua kusema. Miye nilikuharibishia maisha, mutoto wangu. Ulimi hii ndiyo ilikuharibishia." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na alilia alipolisema.

Cubaka alinyoosha mguu wake mbovu, akasogeza kiti. "Kule Buffalo bote balikuwa banahesabu magoti yangu. Weye peke yako ulisema mutu kama miye banapashwa kuya kumuomba mara mbili. Gaspari hajanisemaka hivyo. Vaa suti, mujomba."

Nilikwenda kabatini mimi mwenyewe.

Columbus tulipokelewa vizuri. Mzee Ezéchias alikaa kwenye kona yake kimya kama desturi inavyotaka, na mshenga wao, mzee Sebagabo, alikaa mbele yetu na fimbo yake. Cubaka hakuingia, maana mwoaji hasikilizi akiombewa, akabaki ndani ya gari. Kataliko alisema. Jamani, alisema! Alimtaja baba yake Cubaka aliyezikwa mbali, akamtaja Nzigire, akataja sufuria ya maharage, akataja hata goti, hakulificha. Sebagabo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama akiegemea fimbo yake.

"Tumesikia," alisema.

Watu wetu wakashika magoti yao ili wainuke. Nzigire alishachukua mkoba. Kataliko hakuinuka.

Sebagabo alidhani hakusikika. "Tumesikia," akarudia, kwa sauti zaidi.

"Na siye tumesikia," Kataliko akajibu. "Lakini hatutoke."

Kule jikoni sahani ziliacha kugongana.

"Kataliko," Sebagabo akasema, "weye ndiye unafundishaka batu desturi. Mwacha mila ni mtumwa."

"Basi leo miye ni mutumwa," Kataliko akasema. "Neno hiyo minajua kwenye inafikishaka mutu. Mutukatalie, tutaenda. Mutukubalie, tutaenda. Lakini mutujibu leo, ao mutupatie mablanketi."

Nikatoa funguo za gari mkobani, nikaziweka mezani, katikati ya chupa za soda, waone kwamba dereva haendi popote.

Sebagabo alimgeukia Ezéchias, naye Ezéchias akatazama mlango wa jikoni, ambako Sandrine alisimama na taulo la vyombo bila kujificha. Baba hapaswi kusema siku hiyo. Yeye akasema.

"Mumujibu huyu muzee," alisema. "Mutoto wangu amesimama pale saa yote. Ni ndiyo."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kataliko alifunika uso kwa mikono miwili, akalia mbele za wakwe, mshenga mzima. Nilimwacha alie, nikatoka nje. Cubaka alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mguu ameunyoosha, tayari kwa safari ya kurudi. Alishusha kioo.

"Bamesema tumesikia?"

"Bamejibu. Ni ndiyo."

"Leo?" akauliza.

"Leo, mutoto wangu," nikamwambia.