Picha Iliyobaki Sidab

Harufu ya mbao za rangi zikiungua ndiyo iliyotupokea Sidab mchana ule, na Mama alipoinusa alishuka garini bila kufunga mlango. Nilikuwa darasa la tatu. Likizo nzima, katika joto la kuchubua ngozi, tulikuwa tukizunguka Muscat kutafuta picha za babu yake Bibi, mchoraji wa Unguja wa karne ya kumi na tisa, ambazo jamaa walihamia nazo Oman. Ya Bawshar tuliikuta imeliwa na mchwa, imebaki fremu. Ya Mutrah ilikwisha kuuzwa kwa mtalii wa meli, hata jina lake hawakulijua. Iliyosalia ni sura ya mke wa mchoraji, nayo ilikuwa kwa Bi Zuwena, mdogo wake Bibi. Wawili hao walikuwa hawasemezani tangu sijazaliwa. Na Bibi alikuwa akipofuka kwa sukari. Daktari alishamwambia Mama asitarajie macho hayo yadumu muda mrefu.

Bi Zuwena alikuwa anahamia kwa mwanawe, na uani alikuwa akichoma makorokoro. Picha iliegemea ukuta, ikingoja zamu yake.

“Mama mdogo, nakuomba hiyo,” Mama alisema, akihema.

“Sura za watu sizitaki tena, mimi nnasali humu ndani. Umetumwa na yule?”

“Hajui kama nimekuja. Macho yake yanakwisha.”

Bi Zuwena aliinama. Aliichukua picha akaelekea nayo upande wa moto, nami nikaung'ang'ania mkono wa Mama. Akaupita moto. Akaifuta vumbi kwa kanga, akaenda kuketi nayo kiti cha mbele cha gari.

“Twendeni. Ntampa mwenyewe.”

Mama akaendesha moja kwa moja mpaka kwa Bibi. Bibi alipoisikia sauti ya mdogo wake mlangoni, alikaza mwili kama anayengoja kupigwa. Bi Zuwena akamshikia picha kwenye mwanga wa dirisha, na Bibi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

“Kidevu chako hiki, Zuwena.”

“Changu? Chako!”

Wakabishana huku wakilia, mpaka adhana ya alasiri.

Siku hizi picha iko makumbusho, imesafishwa, na binti yangu huikuza kwenye simu mpaka akaona kila mpito wa brashi. Sisi tulibisha milango ya watu tukaomba; yeye anaiona vizuri kuliko Bibi alivyoiona. Juzi aliniuliza huyu mama alifanana na nani katika ukoo wetu. Nikashika simu, nikatafuta wa kumpigia, nikakosa.