Fyuzi Niliyoifunga Mimi

Mdogo wangu, waliyemwita Fundi Subiri, hakuwa mvivu, na aliyesema hivyo mbele yangu alijuta. Jina alilipatia kwenye klabu ya wafanyakazi wa kiwanda cha magunia. Mimi nilikuwa mtunza ukumbi na funguo zake, yeye fundi umeme. Klabu ilikuwa na mashine ya gololi, kuukuu kuliko sisi sote: kabati refu lenye kioo juu. Unavuta mpini, gololi ya chuma inaruka, inagonga vichwa vyenye taa, kengele inalia, nawe unairudisha juu kwa vibawa viwili. Ndani nyaya zilisongamana kama nywele, na haukupita mwezi bila kitu kufa.

Mafundi wengine fyuzi ikikatika huweka mpya. Yeye aliitoa, na mahali pake akaunganisha balbu ya kawaida. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, umeme unavuja mahali. Basi anachomoa waya mmoja na kuitazama balbu, anaurudisha, anachomoa wa pili. Balbu ikififia, waya aliouchomoa ndio wenye ubovu. Ukimuuliza atamaliza lini, anakujibu subiri, hata uso hainui. Mwenyekiti wa klabu aliniambia, "Bibi Funguo, ndugu yako aitolee mahari hiyo mashine, tujue moja."

Safari hiyo fyuzi ilikatika Jumatatu. Alhamisi ikaja habari kwamba baba mkwe wake amefariki, naye na wifi yangu wakaondoka mbio. Mlangoni aliniambia asiguse mtu, balbu ameiacha ndani, amebakiza nyaya tatu za kupima. Mimi peke yangu ndiye niliyesikia.

Jumamosi wakaja wageni wa kiwanda kingine. Waliikuta mashine giza, wakacheka, mmoja akauliza kama klabu hii ina fundi au ina mlinzi wa mashine mbovu. Sikuwahi kuvumilia ndugu yangu achekwe. Walipokwenda kunywa chai nilifungua kabati kwa nyuma, nikaitoa balbu, nikachukua ile fyuzi iliyokatika nikaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kama nilivyoona watu wakifanya majumbani. Nikaipachika. Mashine ikawaka yote. Waliporudi nikawaambia, kifua mbele, kwamba ndugu yangu alikwisha maliza kabla hajaondoka.

Walicheza kama saa nzima. Kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua, moshi ukatokea pembeni mwa kioo, na tulipofungua kabati transfoma ilikuwa mkaa.

Aliporudi msibani kamati ilimketisha. Mwenyekiti akaweka mezani fyuzi na ile karatasi iliyosinyaa. Mdogo wangu akasema yeye aliacha balbu, hakuacha fyuzi.

"Dada yako anasema uliondoka umemaliza," mwenyekiti akamwambia.

Akanigeukia. "Dada, pale mlangoni nilikuambiaje?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Mimi ndiye niliyemlea, mimi ndiye ambaye sikuwahi kumdanganya.

"Ulisema tayari," nikamwambia.

Akaitazama fyuzi, kisha viganja vyake. Hakubisha. Hawakumfukuza, alijitoa mwenyewe wiki ile ile. Tangu hapo alikaa barazani akitengeneza tochi na pasi, kila moja akiipima mara tatu, nne. Ukimletea redio alikuambia mpelekee fundi. Hata swichi ya chumbani mwake ilipoharibika, wifi yangu alimwambia mbele ya watoto, "Wewe kaa, usije ukatuchoma." Akakaa. Nami nilikuwepo, nikaendelea kumenya viazi.

Ilipita miaka thelathini na mmoja. Mara ngapi nilitoka nyumbani nikiwa na neno hilo mdomoni, nikafika nikasema habari za mvua. Mwezi uliopita aliugua akalala kitandani kwake, hali yake si nzuri, nikaenda asubuhi nikamweleza yote, karatasi ya sigara na wageni na chai yao.

Alifumba macho nikadhani amesinzia.

"Kumbe balbu niliiacha," akasema.

"Uliiacha."

"Na nyaya zilibaki tatu?"

"Tatu. Ulisema hivyo hivyo."

"Mimi nilikumbuka hivyo. Lakini wewe ulisema vingine, nikaona basi kichwa changu ndicho kibovu. Fundi asiyekumbuka alichokiacha ndani ya mashine ataua watu, Dada. Ndiyo maana niliacha."

Nilitaka kumshika mkono, nikauona umelala juu ya shuka, nikaogopa kuugusa.

"Wifi yako alijua?"

Wifi yangu tumemzika mwaka juzi.

"Hapana," nikasema.

Akageuza uso ukutani. Baadaye akasema, pole pole, kama mtu anayetoa kazi, "Watoto wapo uani. Kawaambie, anza na mkubwa."

Nikainuka, nikatoka.