Soko la Alhamisi la Kijiji Kisicho na Watu

Sijui kukaa kitako. Mama husema nilizaliwa njiani akielekea shambani, na kwamba mpaka leo sijafika. Basi ofisini waliponipa kazi ya kuandika maelezo ya sheferi moja ya Djugu, yaani eneo la chifu mmoja, historia yake, watu wake, uchumi wake na hazina yake, nilijua nitateseka. Ni kazi ya kiti. Naandika mistari miwili, nasimama, naenda dirishani kutazama pikipiki zikitimua vumbi, narudi, nafuta mmoja.

Historia haikunisumbua. Machifu, wakoloni, kahawa, ng'ombe, dhahabu, kisha vita, kisha vita tena. Sura ya watu ndiyo iliyonikwamisha, kwa sababu sheferi hiyo ndiyo kwetu. Kijiji chetu kimebaki kuta bila mabati. Watu wake wako hapa mjini Bunia, au ng'ambo ya ziwa, Uganda, au hatujui. Jedwali la ofisi lilitaka walio hai, waliohama na waliokufa. Sehemu ya wale tusiojua waliko haikuwapo, na hilo lilinikera kuliko nilivyotaka kukiri.

Maana nyumbani tulikuwa naye mmoja wa hao. Mama mdogo, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa, alikimbia pamoja naye. Barabarani akakumbuka kwamba ndama wamefungwa, akarudi kuwafungulia. Tangu siku hiyo simu yake haiiti. Mimi moyoni nilikwisha kumzika. Mama je? Sikujua, sikuuliza. Nyumba yetu ya mtaa wa Ngezi ni ndogo, na jina la mama mdogo tulikuwa tukilizunguka kama tunavyoizunguka meza.

Ndipo mkuu wangu wa ofisi akaja na shaka yake juu ya sura ya hazina. Kodi ya soko la Alhamisi la kijiji chetu ilikuwa bado inaingia, na haijapungua hata kidogo.

"Madame," akasema huku akicheka, "kule hakuna mutu. Ni mbuzi njo wanalipa?"

Alimshuku mtoza kodi kwamba anabuni soko ili asipoteze kazi. Nilimweleza kwamba soko halikufa, limehamia kwenye kiwanja kimoja cha Mudzipela, mtaa wa hapa Bunia, na mama yangu huuza pale. Hakuridhika. Wauzaji wengi hawakufika Bunia, sasa kodi inakuwaje ile ile?

"Uende uone kwa macho," akasema. "Kama batu wale hawako, tunafuta soko, na komine ya muji itapea bengine kile kiwanja."

Sikulala vizuri wiki ile. Kwa miezi mama alikuwa akiondoka kila Alhamisi na gunia lake la maharagwe, na mimi sikuwahi kumfuata. Nilijiambia kazi ni nyingi. Kweli ni kwamba niliogopa kuwaona watu wa kwetu wakiwa wachache.

Nilifika kwa miguu, maana juu ya pikipiki, kwa kutotulia kwangu, ningebishana na dereva bure. Nilichokiona kilinisimamisha. Akina mama walikuwa wamekaa vile vile walivyokuwa wakikaa kijijini: wa mihogo upande wa shule, ingawa hapa upande ule ni gereji, wa sombe, yaani majani ya mihogo, nyuma yao, wa maharagwe karibu na kanisa, ingawa kanisa lenyewe halipo. Maharagwe nayo si ya kwetu tena, mama huyanunua kwenye malori yanayotoka Mahagi. Na katikati yao kulikuwa na mapengo. Nafasi tupu, zimefagiwa, hakuna anayezikalia. Wauzaji wa Mudzipela, waliobanana kando ya barabara, walizitazama kwa uchungu, na sikuwalaumu.

Pengo moja lilikuwa ubavuni mwa mama. Hapo ndipo mama mdogo angekuwa na jibini lake. Mama alikuwa ameweka jiwe juu ya kipande cha nailoni ili upepo usikichukue.

Mtoza kodi akaja, mzee mwenye koti lile lile la zamani. Kwetu kodi hailipwi kimya. Mtoza huita jina, mwenye nafasi huitika "niko," ndipo anatoa pesa. Nafasi isiyoitikiwa hupewa mwingine, na hakuna wa kulalamika. Akaanza upande wa mihogo. Alipofika kwenye pengo la kwanza aliita jina vile vile, na mama aliyekaa jirani akajibu, "Iko," akatoa pesa ya nafasi mbili. Pengo la pili, hivyo hivyo. Kumbe hao ndio mbuzi wa mkuu wangu.

Hasira ikanipanda. Nikachuchumaa mbele ya mama.

"Mama, nyumba inavuja, na weye unalipia udongo?"

"Nalipia nafasi ya mudogo wangu."

"Kila Alhamisi?"

"Kila soko. Asiporudi leo, atarudi siku ingine. Akikuta mwingine amekaa, ataenda wapi?"

"Mama, unajua miye naonaje."

"Najua. Unatembea-tembea mu nyumba kama mutu anaficha maiti." Akafunga mdomo wa gunia lake taratibu. "Basi leo miye sitaitika. Weye njo unaandika batu. Kama unajua mudogo wangu haiko, nyamaza tu."

Nilitaka kumwambia hiyo si haki. Lakini mtoza alikwisha kufika. Akaita jina la mama, mama akaitika, akalipa. Kisha akageukia nailoni na jiwe, akaita jina la mama mdogo, jina ambalo sikuwa nimelisikia likitamkwa tangu ile siku ya ndama.

Mama akatazama maharagwe yake. Mtoza akangoja. Msichana mmoja wa Mudzipela mwenye beseni la nyanya akasogea hatua moja. Mtoza akaita tena. Miguu yangu, inayojua kuondoka mahali popote, haikutaka.

"Iko," nikasema.

Nikatoa pesa mfukoni mwangu. Mama alisogeza jiwe, akapapasa ile nailoni, na nikakaa pale mpaka soko likaisha.

Jumatatu nilimpelekea mkuu sura zangu. Niliandika kwamba soko liko, na nafasi zake zote zina wenyewe. Akasoma, akavua miwani.

"Hawa bote uliwaona kwa macho?"

"Hapana," nikamjibu. "Niliwasikia wakiitika."