Vidonge Vilivyomnyamazisha Baba

Nakumbuka alasiri ile ndugu yangu Dabaso aliposhuka kwenye basi la kutoka Malindi, kifuko cha dawa mkononi, uso umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nilikuwa kijana wakati huo, mwanangu, nimeolewa juzijuzi. Asubuhi niliuza maziwa hapa Garsen, mchana nikaenda kumsaidia mama kumwangalia baba. Baba yetu alikuwa Galgalo, mfugaji wa Kiorma ambaye watu wa nyanda hizi walimjua kwa ng'ombe wake wekundu na kwa sauti yake nene. Ukame uliwachukua ng'ombe. Uzee ukaja kuchukua kumbukumbu.

Ilianza kidogokidogo. Alisahau kwamba ameshaswali, akaswali tena, nasi tukasema ni uzee tu. Kisha akasahau majina yetu. Kisha, kila jua lilipoanza kuinama, akawa anasimama kuwaulizia ng'ombe wake. Dabaso, ambaye hajui kusema uongo hata wa kumfariji mtu, alimjibu, "Abba, ng'ombe walikufa wote." Basi mzee alilia kama mtu aliyepata habari ile mara ya kwanza. Kesho yake aliuliza tena, akaambiwa tena, akalia tena. Mama hakumjibu hivyo. Alimketisha akamwambia, "Hebu nisimulie yule jike mwenye pembe iliyopinda. Ulimpata wapi?" Baba alisimulia mpaka chai ikawa tayari, na moyo wake ukatulia.

Lakini ulifika msimu ambao hata masimulizi hayakufaa. Baba akawa mkali. Ukimgusa kikoi ili umbadilishe, unapata fimbo. Alimpiga Dabaso usoni, jicho likavimba, na majirani wakaona. Dabaso akaona aibu, na aibu, mwanangu, ni mshauri mbaya. Akaenda Malindi kwa tabibu mmoja, peke yake, bila mgonjwa, akamwambia kwamba baba yake amerukwa na akili na anapiga watu. Tabibu yule hakuuliza zaidi. Alimpa vidonge wanavyopewa wagonjwa wa akili, wale wanaosikia sauti ambazo wengine hawazisikii.

Mwanzoni tulishukuru. Baba alikaa pale alipokalishwa. Dawa zilipokwisha, Dabaso alinunua nyingine kwenye duka la dawa, na siku ambazo mzee alinung'unika, aliongeza kidonge juu ya kidonge. Mama alipotaka kujua hizo dawa ni za nini hasa, Dabaso alimjibu kwa adabu, "Mama, mgonjwa haulizwi uji."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Baba alianza kukakamaa. Miguu iliburuta chini, mikono ikatetemeka, mate yakawa yanamchuruzika, na chai ikampalia. Hakuulizia ng'ombe tena. Mchana mmoja alianguka mlangoni akapasuka paji la uso, na wala hakulia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko fimbo zote alizotupiga: damu inamtoka, na uso wake hauna habari.

Mama alimfuta, akamlaza, kisha akamwita Dabaso akae mbele yake. Mama alikuwa mtu wa maneno machache, na Dabaso tayari alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Sikuwa nimewahi kumwona mama akimkemea kabla ya siku ile.

"Yule aliyekupiga alikuwa mume wangu," mama akasema. "Huyu aliyelala pale simjui. Umemtuliza nani, Dabaso? Yeye au wewe mwenyewe?"

"Mama, alikuwa anatupiga sote."

"Alikuwa anatupiga. Kwa nini?"

"Mtu aliyesahau hata majina ya wanawe, kwake hakuna kwa nini."

"Mgonjwa haulizwi uji, sawa. Maumivu je, nayo hayaulizwi? Kesho tunampeleka hospitali. Utakwenda nasi, na utasema kila kidonge ulichompa."

Dabaso aliinamisha kichwa. Kesho yake yeye ndiye aliyembeba baba mpaka kwenye gari la jirani.

Daktari tuliyemkuta alikuwa binti wa rika langu. Alimsikiliza Dabaso mpaka mwisho bila kumkatiza wala kumlaumu, kisha akanigeukia. "Dada, alikuwa anapiga wakati wote, au kuna jambo lililokuwa linamchokoza?" Nikafikiri. Nikamwambia, hasa tukimgusa kikoi. Akamkandakanda tumbo chini ya kitovu, na baba, ambaye hakuwa amelia hata kwa jeraha, akaguna kwa uchungu.

Kibofu kilikuwa kimejaa, kigumu kama kibuyu. Mkojo ulikuwa umeziba na kuchafuka kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuujua. "Mzee huyu ana maumivu ya siku nyingi," daktari akasema. "Hana tena maneno ya kuyasema. Ndiyo maana alipiga. Na vidonge hivi huenda vimezidisha kuziba kwa mkojo."

Kisha akatueleza kuhusu vidonge, kwa lugha ambayo mama aliielewa. Akasema dawa hizi zina kazi yake, lakini kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau zina hatari: humwangusha, humkakamaza, zaweza kumletea kiharusi, na wako wanaofariki mapema kwa sababu ya dawa hizo. Hutolewa pale tu ambapo mgonjwa anaweza kujidhuru au kudhuru wengine, au anateswa na hofu isiyovumilika, na njia nyingine zimeshindwa. Hata hapo huanzwa kidogo, na mgonjwa hurudishwa kuangaliwa mpaka ziondolewe.

"Basi nazitupa leo," Dabaso akasema.

"Usizitupe, kaka. Ukizikatisha ghafla utamzulia shida nyingine. Tutazipunguza taratibu, na mtarudi kwangu."

Baba akawekewa mpira wa kutolea mkojo, akapewa dawa ya kuua vijidudu, na vidonge vikapunguzwa kama daktari alivyosema. Kwanza ugumu wa miguu ulilegea. Kisha uso ukarudi. Sitakudanganya, mwanangu, kumbukumbu haikurudi, wala ugonjwa ule hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Lakini baba alirudi. Alikula mwenyewe. Alimwita mama kwa jina lake la usichana, jina ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia, na mama alificha uso kwa mtandio.

Alasiri moja ng'ombe walipitishwa barabarani kwenda mnadani, na baba aliposikia mlio wao akasimama. Niliogopa fujo. Dabaso alimpa mkono, wakatembea pamoja mpaka ukingoni mwa barabara. Baba akamwonyesha fahali mmoja akaanza kumtia kasoro: nundu ndogo, kwato mbaya. Alimdhania Dabaso kuwa ndugu yake aliyekufa zamani, na Dabaso, yule asiyejua uongo, alijibu, "Kweli kabisa, kaka." Wakacheka wote wawili. Baba aliishi nasi misimu kadhaa ya mvua baada ya hapo, akafa kitandani pake, mama akiwa kando.

Simlaani tabibu wa Malindi, wala dawa siilaani. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Baadaye nilimjua mama mmoja mkulima wa Kulesa, naye mwenye maradhi hayo, aliyewaona wajukuu wake kuwa ni maadui wanaokuja kumchinja, akawa anawafukuza kwa panga. Alipimwa, akatafutiwa maumivu hayakuonekana, akatulizwa kwa kila njia ikashindikana. Kwake kidonge kidogo kilikuwa rehema. Hofu ilipopungua, daktari alikiondoa.

Basi wewe unayeuguza mzee aliyepotewa na kumbukumbu, nisikilize. Akigeuka mkali, usikimbilie kumnyamazisha. Mtazame kwanza: anapata choo? Mkojo unatoka? Jino linamuuma? Amelala? Anasikia? Nani amemshtua? Mpeleke yeye mwenyewe kwa daktari, usipeleke habari zake tu. Ukipewa dawa, uliza ni ya nini, ni ya muda gani na lini itaangaliwa tena, wala usione haya kwa sababu kuuliza si ujinga. Usiongeze kwa mkono wako, usikatishe kwa mkono wako. Na usimpige kwa ukweli usiomsaidia. Akiwaulizia waliokufa, mwombe akusimulie habari zao.

Mungu akupe subira ya kuwauguza waliokulea. Akupe macho ya kuona maumivu yasiyo na maneno. Na siku zako zikifika, akujaalie mtu wa kukuuliza unaumwa wapi, kisha angoje jibu. Amina.