Mate Yangu Katika Vichupa Viwili

Mimi mashine siiamini. Nalima mahindi Moi's Bridge, na kila msimu mnunuzi huchomeka kipimo chake cha unyevu guniani, akatikisa kichwa, eti mahindi bado mabichi, bei ishuke. Kwa hiyo tuna dawa yake: unachota mahindi ya gunia moja, unayatia katika mifuko miwili, unasema huu ni wangu na huu ni wa jirani. Kipimo kikitoa majibu mawili, unabeba mahindi yako unarudi nyumbani.

Ndiyo sababu nilipoingia maabara moja kule Elgon View na mdogo wangu, nilikuwa nimeshajipanga. Saratani ya matiti ilimchukua mama yetu, na watafiti walitaka kujua kama alituachia kasoro ya jeni iliyomletea ugonjwa. Msichana wa maabara alitueleza kwamba wanatumia protini ya kimulimuli. Mate ya mtu mwenye kasoro yakichanganywa nayo, huwaka.

"Na yasipowaka?" nikauliza.

"Basi hauna, Mama."

Rahisi hivyo? Na mbona kipimo chenyewe ni bure? Nilimkagua yule msichana juu mpaka chini.

Tulipewa vichupa tukatemee mate msalani. Huko ndani nikamnyang'anya mdogo wangu chake, nikatema mate yangu katika vyote viwili. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe ni noma," akaninong'oneza. "Kimoja kiwake na kingine kikatae, leo watatutambua!"

Baada ya chakula cha mchana msichana alituita, akavuta pazia, akazima taa. "Kujeni muone wenyewe."

Nilisogea karibu kabisa, nikitafuta balbu iliyofichwa. Haikuwapo. Kichupa changu kilitoa mwanga hafifu wa kijani. Cha mdogo wangu kikawaka vilevile.

Nilikuwa nimeomba sana vitofautiane. Ningefoka, ningemshika mdogo wangu mkono tukaondoka, na hakuna ambaye angenilaumu. Sasa mashine ilikuwa imesema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa yangu. Niliogopa.

Taa ilipowashwa, msichana alianza kumpa mdogo wangu pole. Mdogo wangu kicheko chote kilikuwa kimemwisha. Aliniangalia kidogo, kisha akanyoosha mkono.

"Nipee kichupa ingine," akasema. "Hizo zote mbili ni zake."