Siku Tezi Yangu Iliponiumbua Ukweni Kisesa

Chekeni sasa hivi mmalize, maana mimi mwenyewe nikikumbuka siku ile najifunika shuka usoni, na hapo niko peke yangu chumbani.

Mimi ni kinyozi, Igoma. Mwaka juzi mikono ilianza kutetemeka (kuna mteja alitoka kwangu na nyusi moja, hadi leo akiniona anavuka barabara), moyo unakimbia, jasho linanitoka hata mvua ikinyesha, nakula kama mchimba mtaro na bado nakonda. Daktari akanipapasa shingo, akapima damu, akasema kuna tezi mbele ya koo inayotoa homoni za kupanga kasi ya mwili, na yangu inazimwaga kupita kiasi, ndiyo maana mwili unakwenda kama gari ambalo dereva wake amesahau mguu kwenye mafuta. Akanipa vidonge vya kila siku. Nikameza, mikono ikatulia, wateja wakarudi.

Sasa wiki mbili kabla sijaenda kujitambulisha kwa kina Kabula, mchumba wangu, kaka yake, yaani Deus, akaja kukaa kwangu. Nikawaza, huyu akiona vidonge atapeleka habari nyumbani kwamba nina ugonjwa ule mwingine, na ndoa imekufa. Nikalificha kopo kwenye debe la unga, na kwa kuwa Deus habanduki jikoni, nikaacha kumeza. Nikajipa moyo, si nimeshapona?

Siku ikafika. Nimekaa mbele ya baba mkwe na mashangazi, mjomba wangu aliyenisindikiza anazungumza vizuri kabisa, ila moyo unanidunda na shati limelowa. Chakula kikaletwa. Kwa wale wazee mkwe mpya anaonja tonge mbili tatu anashukuru, lakini njaa ile ilikuwa ya tezi jamani, nilipozinduka nimemaliza samaki wote na mkono uko kwenye ugali upande wa mzee. Shangazi mmoja akaguna. Nikaona nirekebishe kwa adabu, nikanyanyua kibuyu nimmiminie mzee maziwa, mikono ikakataa, maziwa yote yakaishia kwenye suruali yake.

"Kijana," akasema taratibu, "umekunywa pombe?"

"Hapana baba, ni malaria."

"Malaria gani inakula hivyo?" akauliza Deus, na mashangazi wakaangua kicheko.

Mzee hakucheka. Akamwambia mjomba kwamba mlevi haoi pale, tuondoke.

Nikamwona Kabula mlangoni, analia, na roho ikaniuma kuliko aibu. Nikasimama nikaeleza yote, tezi, homoni, vidonge, hadi debe la unga.

Mzee akajifuta maziwa kwenye suruali. "Mgonjwa tunampa binti," akasema. "Mwongo hatumpi. Kameze dawa zako, mwezi ujao urudi tuanze upya."

Kabula, ambaye kwa desturi hakutakiwa kufungua mdomo pale, akasema, "Kliniki nitampeleka mwenyewe, baba."

Nilirudi, nikapokelewa, na harusi ni baada ya mavuno. Tezi nimeisamehe, haikujua siku ile tuko ukweni, mimi ndiye nilijua. Kila asubuhi Kabula ananipigia simu, na kabla ya salamu anauliza, "Umemeza?" Sijawahi kudanganya tena, na sitathubutu.